Macho Mekundu ya Bibi na Moshi wa Jikoni



Katika toleo hili tulikuwa tumepanga kuendelea na mazungumzo yetu juu ya shinikizo la damu. Tunaomba mtuvumilie, tutarudi huko mwezi ujao. Kilichotubadilisha nia ni karatasi moja.

Mwanzoni mwa kiangazi alifika hospitalini kwetu bibi mmoja, mjane, ameletwa kwa baiskeli na mjukuu wake wa kiume. Walikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje tangu asubuhi. Zamu yao ilipofika, muuguzi alimwuliza kama tunavyomwuliza kila mtu, "Mayu, unasumbuliwa na nini?" Akajibu kwamba hasumbuliwi na kitu. Macho yanawasha na kutoa machozi, ndiyo, lakini hayo ameyazoea tangu ujana wake. Alichokifuata ni karatasi. Alitaka hospitali imwandikie, tena igongwe mhuri, kwamba wekundu wa macho yake ni ugonjwa.

Mjukuu ndiye aliyetueleza yaliyobaki. Mtoto mchanga wa jirani yao alikuwa amefariki baada ya kuumwa siku tatu, akihema kwa shida. Msibani watu wakaanza kunong'ona. Wiki moja baadaye bibi alikuta kipande cha karatasi kimechomekwa mlangoni kwake, hakina jina, kikimtaka ahame. Naye, mwanamke ambaye hakwenda shule hata siku moja, akafikiri kwamba karatasi hujibiwa kwa karatasi.

Sisi tulio na umri wa miaka hamsini na kitu hatuhitaji kusimuliwa maana ya kikaratasi cha namna ile. Tumekua katika nchi hii ya Usukuma. Tangu utoto wetu tumesikia habari za wazee, hasa akina mama wajane, waliokatwa mapanga usiku kwa kuwa macho yao ni mekundu. Mwanza, Shinyanga, Tabora, na katika mikoa ya Geita na Simiyu iliyoanzishwa mwaka 2012, wapo walioondoka hivyo. Na tusijidanganye kwamba waliohusika walikuwa watu wa mbali wasiofika kanisani. Wengine tuliwajua.

Basi daktari alimpima bibi yule. Utando mweupe wa macho ulikuwa umevimba na kujaa mishipa ya damu, na jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho uliokomaa. Kope zake hazikuwa zimegeukia ndani kama ilivyo kwa mgonjwa wa trakoma wa muda mrefu. Tukamwuliza anapikia nini. Akasema samadi ya ng'ombe iliyokaushwa, na mabua ya pamba yakiwepo. Anapikia wapi? Ndani, mle mle anamolala, kwa sababu nje kuna upepo na mbuzi. Dirisha lipo? Mjukuu akacheka. Lilikuwepo tundu, likazibwa kwa udongo baada ya wezi kuingia.

Karatasi iliandikwa na mhuri ukagongwa. Lakini walipoondoka, sisi tuliobaki kwenye chumba kile tuliona haya kidogo. Kwa miaka mingi tumewapa akina mama wa namna hii dawa ya macho ya mafuta, ile ya tetrasaiklini, tukawaambia warudi baada ya wiki mbili, nao wakarudi kwenye jiko lile lile. Hatukuwahi kuuliza juu ya tundu la dirisha.

Tungependa kusema wazi maoni yetu. Watu wa kitongoji kile walikosea jambo kubwa sana, lakini hawakukosea kila kitu. Waliona macho mekundu ya bibi na kifo cha mtoto, wakahisi kuna kitu kinachoviunganisha. Mtoto yule hatukumwona sisi, hivyo hatuwezi kuapa aliuawa na nini. Lakini mtoto mchanga anayehema kwa shida siku tatu kisha akafa, mara nyingi ni nimonia, ile ambayo wengine huiita kichomi. Na nimonia ya watoto na macho mekundu ya bibi vina chanzo kimoja kinachojulikana kabisa, nacho hukaa katika kila nyumba ya kitongoji, nyumbani kwa bibi na nyumbani kwa jirani vilevile. Chanzo hicho ni moshi wa jikoni.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba moshi ni usumbufu tu, tena una faida zake: hufukuza mbu, hukausha mahindi ya mbegu juu ya dari, huzuia mchwa kwenye nguzo. Hatubishi. Moshi unaweza kumfukuza mchwa. Lakini tujiulize kile kinachomshinda mchwa kinafanya nini ndani ya kifua cha mtoto.

Moshi ni kuni ambazo hazikuungua hadi mwisho. Moto ukipata hewa ya kutosha na kuni zikiwa kavu, kinachobaki ni majivu, na moshi unakuwa kidogo. Moto ukikosa hewa, au kuni zikiwa mbichi, sehemu ya kuni inapanda juu ikiwa chembe ndogo sana na hewa za sumu. Zile chembe za hatari zaidi ni ndogo kiasi kwamba unahitaji kama 30 zilizopangwa bega kwa bega ili kufikia unene wa unywele mmoja wa kichwa. Vumbi la barabarani huzuiwa na vinyweleo vya puani na kamasi, ukaitoa kwa kupenga. Hizi hazizuiwi. Zinakwenda hadi kwenye vifuko vya hewa mwisho kabisa wa mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo sababu mama aliyepika miaka arobaini kwenye moshi anaweza kupata si kikohozi tu, bali ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilitoa mwongozo kwamba wastani wa chembe hizo katika hewa kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Shirika hilo hilo linasema kwamba katika nyumba zisizopitisha hewa vizuri moshi huweza kufika mara 100 ya kiasi kinachokubalika. Kwa hesabu zake, mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayeishi katika moshi ana hatari ya kupata nimonia karibu mara mbili ya yule asiyeishi humo.

Kwa nini mtoto? Kwanza, kwa sababu anahema haraka. Mtu mzima aliyetulia huhema mara 12 hadi 20 kwa dakika, lakini mtoto mchanga hufika 40 akiwa mzima kabisa. Pili, kwa sababu ya mahali anapokaa. Tunambeba mgongoni, na sisi tumeinama juu ya chungu tukisonga ugali. Hakuna mtu anayempeleka mtoto wake kilabuni akavute sigara, lakini kila jioni tunamweka juu ya mafiga matatu kwa saa nzima, naye hana namna ya kusema "mama, nitoe." Anakohoa tu, nasi tunasema ni mafua ya msimu. Mimba nayo haisalimiki, kwani mama anayevuta moshi mwingi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu.

Turudi kwa bibi. Kwa nini macho mekundu yawe mengi kwetu huku kuliko sehemu nyingine zinazopikia kuni? Hapa iko habari ambayo vijana hawaijui. Enzi za wakoloni misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikachukua nafasi iliyobaki. Kufika miaka ya 1980 sehemu nyingine zilikuwa karibu jangwa, hata Serikali ikaanzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule tuliouita HASHI, kuwarudisha watu kwenye ngitili za babu zao. Ngitili nyingi zimerudi, tunashukuru. Lakini kwa muda wote huo mama aliyekosa kuni alifanya nini? Alipikia alichokipata: samadi, mabua ya mahindi, mabua ya pamba. Vitu hivyo hutoa moshi mwingi na mkali kuliko kuni kavu, na moto wake unataka kuchochewa na kupulizwa kila mara, uso ukiwa karibu. Mwanamke wa miaka 65 amepuliza samadi tangu akiwa binti wa miaka kumi. Macho yake yataachaje kuwa mekundu? Mume wake aliyeketi nje chini ya mti akingoja chakula ana macho meupe, na hakuna aliyemwita mchawi.

Tunaomba wanaume mnaosoma ukurasa huu msichukie. Tutawarudia baadaye.

Kuna aliyetuambia kwenye kliniki, "Sista, mimi nimehamia mjini, napikia mkaa, moshi hakuna." Ni kweli mkaa una moshi mchache. Lakini una jambo jingine, na hilo haliui kwa miaka arobaini, linaua kwa usiku mmoja. Jiko la mkaa likiwaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inaendelea kuzunguka lakini haina inachobeba. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inakuwa mizito, kisha usingizi. Wengi hudhani ni malaria inaanza, wakajilaza.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa mvua kubwa, tuliletewa vijana wawili, mume na mke, wapangaji wa chumba kimoja. Maharage yalikuwa hayajaiva, mvua ikawa inanyesha barazani, wakaingiza jiko ndani na kufunga mlango. Jirani alisikia asubuhi simu ya kijana ikiita bila kupokelewa. Mke hakuamka tena. Mume alikuwa anapumua, na muuguzi wa zamu alipombana kidoleni kile kipimo cha oksijeni kikaonyesha 98, kama mtu mzima asiye na tatizo. Tunawaeleza wauguzi wenzetu wa zahanati jambo hili kwa makusudi. Kipimo kile cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu ya mkaa. Usikiamini kwa mgonjwa wa namna hii. Mtoe kwenye hewa safi, mpe oksijeni kwa wingi, umpeleke hospitali hata kama amezinduka na anasema yu mzima. Kijana yule alipona, ingawa kumbukumbu zake hazikurudi sawasawa.

Kwa hiyo jiko la mkaa lisilale ndani pamoja na watu, hata kwa nusu saa, hata kama makaa yanaonekana kuzimika. Tunawaomba hasa akina bibi wanaomtunza mzazi: nia ya kumpasha joto mama aliyejifungua ni njema, lakini msimwekee jiko chumbani na mlango umefungwa. Blanketi na uji wa moto vinatosha.

Vipo na vidogo vidogo vinavyochafua hewa ya ndani ambavyo hatuvitilii maanani. Koroboi inayotoa ule moshi mweusi unaopaka dari, humpaka mtoto anayesomea hapo vilevile, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2014 limeshauri mafuta ya taa yasitumike majumbani. Taa ndogo ya sola siku hizi inapatikana. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko, watafiti walipima mwaka 2003 wakakuta kimoja kikiungua hadi mwisho hutoa chembe ndogo sawa na sigara 75 hadi 137. Tumieni chandarua. Na hii tabia mpya ya kuwashia moto kwa mifuko na chupa za plastiki iachwe kabisa, kwani moshi wake una sumu za namna nyingine mbaya zaidi.

Sasa tufanye nini? Hapa tungependa kuwa wakweli, maana wapo wanaopita vijijini wakiuza majiko na kuahidi makubwa. Jirani zetu wa Malawi walifanya utafiti mkubwa kwa zaidi ya watoto 10,000, matokeo yakatolewa mwaka 2017. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kisasa ya kuni yenye feni ndogo, nusu viliendelea na moto wa mafiga. Nimonia haikupungua. Huko Guatemala, kwa upande mwingine, majiko ya tofali yenye bomba la kutolea moshi hayakuweza kupunguza nimonia zote kwa kiasi cha kuthibitishwa, lakini ile kali, inayoua, ilipungua kwa karibu theluthi moja. Hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Wengine wakisoma hivyo husema, basi kumbe haina maana. Sisi tunasoma tofauti. Jiko lililobadilishwa katika nyumba ambayo bado imejaa moshi wa jirani, wa takataka na wa sigara ya baba halimtoi mtoto kwenye hatari. Mtoto hahitaji moshi nusu. Anahitaji moshi utoke, na ukiwezekana usiwepo kabisa. Ndiyo sababu hatuwezi kumwachia kila mama ahangaike peke yake na jiko lake. Hili ni jambo la kitongoji kizima.

Lililo bora ni kuachana na kuni, samadi na mkaa kabisa. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe kufika mwaka 2034. Wenye uwezo wa mtungi wa gesi wautumie, na usiwekwe pambo sebuleni huku maharage yanachemshwa kwa mkaa kwa sababu "gesi ni ya chai." Umeme wa REA umefika vijiji vingi, na lile jiko la umeme la presha huivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja, jambo ambalo akina mama wengi hawaliamini hadi waone kwa macho.

Lakini bibi yule hana mtungi, na hatapata mwaka huu. Kwake yeye tunasema habari ya udongo. Tundu la dirisha lifunguliwe tena, liwekewe miti ya kuzuia wezi. Mwanya uachwe kati ya ukuta na paa upande wa jikoni, pande mbili zinazotazamana, ili hewa ipite badala ya kuzunguka. Jiko lijengwe kwa matofali mabichi na udongo wa kichuguu, liegemee ukuta, na bomba la matofali lipande hadi juu ya paa. Bomba linaloishia ndani ya dari ni kazi bure, nasi tumeyaona mengi. Bomba liwekwe mbali na nyasi za paa na lisafishwe masizi, nyumba isije ikaungua. Kiangazi pikieni nje inapowezekana. Kuni zipasuliwe na zikauke miezi kadhaa. Maharage na choroko vilowekwe usiku kucha, chungu kifunikwe. Na mtoto, tafadhali, asibebwe mgongoni wakati moto unawashwa, kwa kuwa hapo ndipo moshi huwa mwingi kuliko wakati wowote. Dada yake amshike nje. Kama hakuna dada, baba yupo.

Tumefika kwa akina baba kama tulivyoahidi. Nyumba hujengwa na nani? Nani huamua mabati yaanzie wapi? Tumetembelea familia nyingi ambazo nyumba kubwa ina mabati, madirisha ya nondo na sakafu ya saruji, na jiko nyuma ni kibanda cha nyasi ambacho mtu mrefu huingia ameinama. Baba haingii humo, hivyo hajui. Tunashauri baba yeyote ambaye ana mashaka na makala hii aketi jikoni kwake jioni moja tangu moto unawashwa hadi ugali unaepuliwa, mlango ukiwa umerudishwa, bila kutoka nje. Hatuhitaji kumwandikia zaidi.

Hata sisi tulikuwa hatujaketi. Nyuma ya wodi yetu ya watoto lilikuwepo banda la kupikia la ndugu wa wagonjwa, limezungushiwa kuta pande zote, mafiga kumi na zaidi yakiwaka kwa pamoja. Asubuhi tulikuwa tunafundisha akina mama juu ya nimonia, na mchana moshi wa banda lile unaingia kwa madirisha ya wodi, juu ya vitanda vya watoto waliowekewa oksijeni. Kwa miaka mingi tulifunga madirisha na kulalamika. Baada ya habari ya bibi mmoja wetu alilitaja kwenye kikao, wengine wakamkasirikia kwanza. Sasa kuta mbili zimebomolewa, na majiko sita yenye bomba yamejengwa mbali kidogo, upande ambao upepo hautuletei. Gharama kubwa ilikuwa mabati. Tunalisema hili kwa sababu parokia nyingi zina banda la namna hiyo, ambako akina mama wa WAWATA hupika siku ya sherehe wakitoka macho yamevimba. Shule na seminari nazo hupikia mamia ya watu, na Serikali imekwisha kuagiza taasisi kubwa ziache kuni na mkaa. Wapishi wao ni akina mama wetu pia.

Jambo la macho lisisubiri majiko. Macho mekundu yana sababu nyingi: moshi, trakoma, mzio, jeraha, presha ya jicho. Nyingine hupofusha zisipotibiwa mapema, hasa jicho linalouma sana na kuona ukungu ghafla. Mtoto wa jicho, ambao moshi ni mmoja wa wanaousababisha, huondolewa kwa upasuaji mfupi. Mleteni bibi. Msimpake maziwa ya mama wala maji ya majani. Kwa mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, njoo hospitali siku hiyo hiyo. Kifua chake kikibonyea ndani kila anapovuta hewa, usisubiri hata kupambazuke, na usipite kwa mganga kwanza kuuliza nani amemroga. Tumepokea watoto waliopitishwa huko, wakafika wakiwa wamechelewa kwa siku moja tu.

Na katika jumuiya zetu ndogo ndogo, jambo hili lisemwe kwa mdomo, si kwa kunong'ona. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa. Lakini sheria hufika baada ya panga. Huko Magu, shirika la HelpAge International pamoja na wenzao wa MAPERECE walifanya kazi hii mapema miaka ya 2000, wakiwakutanisha wazee, vijana na sungusungu kuzungumza juu ya macho mekundu, na kuwafundisha watu kujenga majiko yenye moshi kidogo. Waliona kwamba mambo hayo mawili huenda pamoja. Jumuiya yenye nyumba kumi inaweza kufanya vivyo hivyo kwa Jumamosi moja, kwa kuanza na jiko la mjane.

Mwezi uliopita mjukuu wa bibi alikuja kuchukua dawa zake. Tukamwuliza habari za karatasi. Akasema mwenyekiti wa kitongoji aliisoma mkutanoni, watu wakasikiliza, na hakuna aliyesema neno. Lakini bibi hakuweza kulala tena katika nyumba ile, akahamia kwa binti yake, kijiji cha pili. Karatasi anayo, ameishonea ndani ya kitenge. Upasuaji wa jicho tumempangia baada ya mavuno. Kijana alipokuwa anaondoka alirudi mlangoni akatuuliza vipimo vya lile bomba la moshi, kwa sababu huko kwa shangazi yake wanapikia samadi vilevile, na kuna mtoto wa miezi minne. Tulimchorea nyuma ya kadi ya kliniki.